Pwani Sio Beach Pekee: Shimoni na Wasini Ziko na Kila Kitu, Swali ni Doh ya Mgeni Hulala Wapi

Disemba ikikaribia rada ya wasee wa Nairobi huwa ni moja tu: tiketi ya SGR, nyumba ya kukodi Nyali ama Diani, dafu mkononi, halafu mitandao inajaa picha za miguu kwenye mchanga. Hakuna ubaya. Mtu amechapa kazi mwaka mzima, acha ale raha zake. Lakini cheki vizuri: watu wote hao wanateremka Pwani na wengi wanaishia kwenye vipande vilevile vya mchanga mweupe, wanakaa hapo siku nne, wanarudi. Pwani ile nyingine, ya miamba na mapango, ya mikoko na misitu ya kaya, wanaipita tu, ama hawafiki kabisa.

Na huu ndio wakati wa kuibonga hii story, kwa sababu nambari ziko juu. Mwaka wa 2024 Kenya ilipokea wageni takriban milioni 2.4 kutoka nje, na serikali imesema inataka kufikisha milioni 5 ifikapo 2027. Tangu Januari 2024 ile visa ya zamani iliondolewa, mgeni anaomba eTA kwenye simu akiwa kwao. Julai mwaka huohuo UNESCO ikaingiza magofu ya Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, yakafuata nyayo za mji wa kale wa Lamu (2001), misitu ya kaya za Wamijikenda (2008) na Fort Jesus (2011). Diani nayo imebeba tuzo ya ufuo bora Afrika mara kadhaa kwenye World Travel Awards. Kwa hivyo watu watakuja, hilo tuliwache. Kile hakijajibiwa ni hiki: wakishakuja, nani anaomoka?

Ukitaka kuiona hiyo hesabu ikifanyika mbele ya macho yako, usiende mbali. Toka Diani ufuate barabara ya Lunga Lunga ukielekea mpaka wa Tanzania. Ndani ya huo mwendo mfupi kuna karibu kila kitu ambacho Pwani inaweza kumpa mgeni, na kila mahali pesa inagawanywa kivyake.

Anza na Kaya Kinondo, ambayo iko jirani kabisa na hoteli za Diani na Galu. Ni msitu wa Wadigo wa hekta kama 30 hivi, mdogo kuliko mashamba mengi ya watu. Kaya zilikuwa vijiji vilivyojificha ndani ya msitu, watu walijikinga humo dhidi ya maadui, na baadaye walipohamia nje waliacha makaburi na sehemu za maombi. Wazee wa kaya ndio wenye kauli mpaka leo. Ukifika unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, uwe mzungu, uwe msee wa Umoja. Ndani hakuna kubusiana, na hutoki na kitu chochote, hata jani moja. Kuna mahali unaambiwa simu irudi mfukoni, na unairudisha. Anayekutembeza ni mtu wa kijiji, anakuonyesha mti wa homa, mti wa tumbo, mti ambao jina lake bibi yake alimfundisha.

Sasa wengine husema masharti kama hayo yanafukuza wageni. Mimi naona kinyume. Ile miiko ndiyo iliyofanya msitu uwe bado umesimama wakati pembeni yake ploti zimeuzwa na kujengwa. Mgeni analipa kuingia kwa sababu kuna kitu kimekatazwa humo ndani. Ukiondoa katazo, unabaki na miti tu, na miti iko hata Karura.

Songa kidogo ufike Gazi. Kwa historia, hapa ndipo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alikuwa na makao yake, yule aliyewasumbua Waingereza kwenye vita vya 1895 na 1896 hadi wakaita wanajeshi kutoka India. Lakini siku hizi Gazi inajulikana kwa mikoko. Kuna mradi unaitwa Mikoko Pamoja, ulianza kuuza hewa ya kaboni mwaka wa 2013, ukiwa kati ya miradi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa kutumia mikoko. Inafanyaje kazi? Mikoko inafyonza kaboni na kuizika kwenye tope. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 zisikatwe, kaboni inapimwa, inauzwa kwa kampuni na watu wa nje, na pesa ikirudi wanakijiji wanakaa chini na kuamua iende wapi. Imeenda kwa maji, imeenda kwa vitabu vya shule. Mwaka wa 2017 wakashinda Equator Prize ya Umoja wa Mataifa.

Na kwa mgeni? Kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko. Unatembea, kaa wanakimbia chini ya miguu yako, ukimaliza unaagiza chakula cha kwao. Ni kitu cha saa mbili hivi. Ila hakiko kwenye zile paketi nyingi za Disemba, na sababu nadhani ni rahisi: dalali hana kamisheni kubwa ya kuchukua kwa daraja la mbao.

Halafu sasa Shimoni.

Kutoka barabara kuu unakata kushoto, unaingia ndani mpaka bahari inakuzuia. Iko kilomita kama 75 hivi kusini mwa Mombasa. Jina linajieleza, mji umeitwa kwa shimo lake. Hii Pwani yote ya huku imekaa juu ya matumbawe ya zamani sana, ya wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka matumbawe yakabaki nje yakawa jiwe, maji yakaendelea kuyatoboa, ndio ukapata mapango. Hilo la Shimoni unaliingia kwa ngazi. Ndani kuna giza, popo, mizizi inayoning'inia kutoka juu, na vyuma ukutani.

Wenyeji wanasimulia kwamba watu waliotekwa bara walifungwa humo wakisubiri vyombo vya kuwapeleka Zanzibar. Wanasimulia pia kwamba kabla ya hapo, pango lilikuwa mahali pa kujificha wakati wa mashambulizi na mahali pa kufanyia ibada. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku na mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe huku kwenye ukanda wa Pwani ya Kenya ulifutwa kisheria 1907. Hebu piga hiyo hesabu polepole: kuna watu wazima leo ambao nyanya zao walizaliwa karibu na wakati huo. Hii sio historia ya kina Farao. Roger Whittaker, mwimbaji aliyezaliwa Nairobi na akavuma Ulaya, aliwahi kuimba kuhusu Shimoni, kwa hivyo kuna wazee huko Ujerumani na Uingereza wanalijua hili jina wakati vijana wa Kayole hawajawahi kulisikia.

Jambo ninalotaka uliweke akilini ni hili. Pango linasimamiwa na jamii. Kiingilio chako kinabaki kijijini, na kimesaidia mambo kama shule na zahanati. Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ya zamani ya mkoloni ambayo imegeuzwa makumbusho ya utumwa, hiyo iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Sehemu mbili, historia moja, kapu mbili tofauti za pesa. Mgeni hatofautishi, na hakuna anayemwambia.

Ng'ambo ya mlango wa bahari ni Wasini. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kama kilomita 5, upana ni kama kilomita moja tu, hakuna gari hata moja. Watu wake ni Wavumba na lugha yao ni Kivumba, Kiswahili ambacho ukikisikia mara ya kwanza utajua hujui Kiswahili. Hakuna mto wala chemchemi ya maji matamu, kwa hivyo watu wamezoea kuvuna maji ya mvua na kuyahifadhi kwenye mabirika. Kumbuka hilo ukiwa umefungua bomba la hoteli ukisugua mchanga miguuni.

Nyuma ya kijiji kuna ile bustani ya matumbawe. Ni kama uwanja uliojaa sanamu za jiwe, zingine ndefu kumpita mtu, zimechongwa na maji peke yake. Wakati wa bamvua bahari inaingia inazifunika miguu, maji yakipwa unaona tope, mikoko, kaa na ndege. Akina mama wa Wasini walijenga daraja la mbao kupita juu yake na wanalitunza wao. Hapohapo inaota mboga pwani, jani fulani lenye chumvi yake, wanalichuma na kulipika, tamu ajabu. Kiingilio cha daraja kinaenda kwa kikundi. Mbao zinaoza kwa chumvi na jua, kwa hivyo sehemu ya hiyo pesa hurudi palepale kwenye misumari na mbao mpya. Kinachobaki ndicho kinaingia nyumbani. Wageni wakikosa mwaka mmoja, kama ilivyokuwa wakati wa korona, mbao hazingoji.

Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, hata haijulikani sana. Na upande wa bara, Kibuyuni, kina mama wanalima mwani baharini, wanauanika na kuuza, mwingine wanatengenezea sabuni. Ukiwauliza watakuonyesha shamba lenyewe maji yakipwa: kamba, vigingi, na mgongo ulioinama saa nyingi. Sijui kwa nini hii haiuzwi kama ziara wakati watu wanalipa doh kwenda kuangalia chai ikichumwa Limuru.

Hapo ndipo tunafika kwa pomboo, kwa sababu ukweli usemwe, watu wengi wakisikia Wasini wanafikiria pomboo tu. Mbele ya kisiwa kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, iko chini ya KWS. Kisite yenyewe ni kama kilomita 28 mraba na huko huvui chochote. Mpunguti ni hifadhi ndogo ya kama kilomita 11 mraba, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kuna kasa, samaki wa rangi zote, pomboo wanaoishi humo mwaka mzima, na kati ya Julai na Septemba hivi nyangumi wakubwa wanapita wakitoka kwenye maji baridi ya kusini kuja kuzalia huku.

Tatizo ni vile watu wanawafuata. Watafiti wamekuwa wakiwatambua pomboo wa Kisite mmoja mmoja kwa alama za pezi la mgongoni, kwa hivyo hawa sio umati usiohesabika, ni kundi dogo linalojulikana. Sasa chukua asubuhi moja ya msimu, mashua zimetoka pamoja, moja inaona pomboo, nahodha anapiga simu, dakika chache baadaye mbogi nzima imewazunguka. Kuna msee amelipa, anataka kuruka majini awaguse, anamsukuma nahodha akaribie. Nahodha anajua sheria: usiwakate njia, usiwazingire, punguza mwendo, usiruke juu yao. Lakini anajua pia kwamba mteja asipopata video yake hakuna tipu, na kesho ofisi itampa kazi mwingine. Kumlaumu nahodha peke yake ni uonevu. Presha inatoka kwa yule anayelipa, na mara nyingi yule anayelipa ni mimi na wewe.

Sasa fuata hiyo pesa. Paketi ya siku moja mara nyingi huuzwa Diani, kwenye meza ya hoteli ama na kijana wa ufuoni, ama kwenye simu kabla hujatoka Nairobi. Ndani yake kuna kamisheni ya aliyekuuzia, kuna gari na dere, kuna mashua na mafuta, kuna ada ya KWS ambayo siku hizi inalipwa kwa eCitizen, kuna chakula cha mchana cha kaa na wali wa nazi. Ukishatoa hayo yote, pango na bustani ya matumbawe ndivyo vitu vinavyobaki kando, mara nyingi ni "ukipenda unaweza kulipia ukifika". Na ukifika umechoka, umeshiba, jua linawaka, gari linangoja upande ule mwingine. Unapenda? Hupendi. Unarudi Diani na picha ya pomboo, na kijiji ambacho umekula mbele ya mlango wake kimepata kidogo sana kutoka kwako zaidi ya mishahara ya mapishi na uendeshaji wa mashua.

Simaanishi wenye paketi ni wezi. Mashua zinagharimu, mafuta yamepanda, na kuna vijana wengi wa Shimoni na Wasini ambao kazi yao ya maana ndiyo hiyo. Ninachosema ni kwamba vile paketi imepangwa, vitu vinavyomilikiwa na jamii vimewekwa mwisho wa foleni. Hiyo inaweza kubadilishwa bila kungoja Nairobi. Weka kiingilio cha pango na cha daraja ndani ya bei tangu mwanzo, mgeni hatahisi tofauti kubwa, kikundi cha kina mama kitahisi.

Kuna mtu atasema, si kaunti na serikali kuu ndizo zinafaa kushughulikia haya? Zinafaa, lakini angalia kile kiko mezani. KPA imekuwa ikijenga bandari ya uvuvi palepale Shimoni. Kwa mvuvi ambaye samaki wake wanaoza akitafuta barafu, bandari ni habari njema, na si haki mtu wa mjini amwambie akae maskini ili mandhari yabaki mazuri kwa picha. Lakini bandari inaleta meli, taa, malori, na watu wa kununua ploti. Na ploti za Pwani zina story ndefu. Ile sheria ya hati za mashamba ya 1908 iliwapa hati waliojua kwenda kudai, na Wamijikenda wengi wakajikuta wanaitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Vidonda hivyo havijapona. Bei ya ardhi ikipanda Shimoni, mwenye karatasi ndiye ataomoka, mwenye makaburi ya wazee wake hapo huenda asipate hata njia ya kufika baharini. Ndio maana pango na daraja na kaya ni vitu vikubwa kuliko kiingilio chake. Ni ushahidi unaoonekana kwamba kuna watu wanaolitunza eneo, wana uongozi, wana hesabu, hawako hapo kwa bahati.

Bahari yenyewe pia haijatulia. Matumbawe ya Kenya yalipigwa vibaya na joto la 1998, na 2024 wanasayansi walitangaza tena kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima. Pale Wasini wanajamii wa BMU wamekuwa wakipanda matumbawe upya kwenye vyuma vilivyozamishwa. Ni kazi ya polepole mno. Ukiwa unapiga mbizi usisimame juu ya tumbawe, hata kama miguu imechoka. Linachukua miaka mingi kukua na linavunjika kwa sekunde.

Sasa kama umeshawishika, hii ndio rada. Ukishuka SGR Miritini, barabara ya Dongo Kundu inakuvusha hadi Kwale bila kugusa foleni ya feri ya Likoni. Msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi hivi, bahari imetulia na maji yanaonekana mpaka chini, huo ndio wakati wa kupiga mbizi Kisite. Nyangumi nao wanakuja wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, kwa hivyo usitarajie kupata vyote kwa wiki moja. Wasini ni kijiji cha Waislamu, vaa nguo za heshima ukipita vichochoroni, na usipige mtu picha kabla ya kuomba. Uliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kwenda kwenye bustani ya matumbawe. Mwambie nahodha mapema, kabla hamjatoka, kwamba hutaki kuwafukuza pomboo, na tipu yake atapata hata wasipoonekana. Utashangaa vile uso wake utafunguka.

Na ukiweza, usirudi Diani siku hiyohiyo. Mashua za watalii hutoka asubuhi na kurudi alasiri, na baada ya hapo kisiwa kinakuwa cha wenyewe. Kutoka Shimoni kuna mashua ambazo wanakijiji hupanda kuvuka, nauli unamlipa mwenye chombo mkononi. Uliza nyumba ya kulala, agiza chakula mapema ili mama aende sokoni akijua mko wangapi, na asubuhi utakuwa kwenye lile daraja la mbao kabla gari la kwanza la Diani halijafika Shimoni.